Matundu ya Akiba

Sakeasi Naborisi alijaliwa kipaji kimoja tu, nacho ni kutoboa chuma. Hayo mengine, kwamba alikuwa fundi mkuu, mwokozi wa visiwa, mtu aliyejenga nusu ya visiwa vya Lomaiviti, ni maneno yake mwenyewe. Aliyasema kila Ijumaa mbele ya bakuli la kava, kile kinywaji chetu cha mizizi, mpaka watu wenye akili timamu wakaanza kuyarudia. Nimefanya naye kazi miaka kumi na tisa katika karakana ya Bwana Surujpal pale Walu Bay, yeye chini kwenye mashine ya kutobolea, mimi juu kwenye meza ya kuchora. Naeleza maisha yake kwa sababu watu wa kwao wanayaeleza vibaya. Simpendi, ila uongo siupendi zaidi.

Alizaliwa Nukubalavu, kijiji cha ufukweni ambacho meli hukifikia mara moja kwa wiki mbili, na bahari ikichafuka hata hiyo mara moja haipo. Alikuja mjini Suva kucheza raga. Raga ikamkataa baada ya msimu mmoja, kwa sababu alipenda kushangiliwa kuliko kukimbia. Akaingia karakanani kufagia vyuma, akapewa kushika bapa, ule ukanda mrefu wa chuma, wakati wengine wanatoboa, mwisho akapewa mashine. Hapo ndipo kifua kilipoanza kutangulia tumbo. Akitoboa tundu lazima alipulize, alichungulie, alionyeshe watu, kana kwamba ndani yake ameona Yerusalemu.

Kijiji chao na kijiji chetu ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo nilikuwa na ruhusa ya kumwambia lolote, naye vilevile. Yeye aliniita Karatasi. Mimi nilimwita Panya, kwa kazi yake ya kutoboa. Wageni walidhani tunapendana.

Sasa sikilizeni uvumbuzi wake. Visiwani hakuna umeme wa kuendesha drili, na mafundi wa huko husimamisha nguzo kwa macho. Ukipeleka chuma chenye matundu sawasawa na mchoro, utakuta nguzo imehama vidole viwili na bolti hailengi. Wakurudishie chuma Suva? Mwezi mzima umekwenda. Sakeasi akakaa, akafikiri, jambo ambalo halikuwa desturi yake, akaja na dawa: kila penye tundu moja aongeze jingine ubavuni, ili likikosa hili lilenge lile. Akayaita matundu ya akiba. Visiwa vikamshangilia. Kila jengo lilifungwa siku ileile. Na kwa kuwa hakuna mtu anayependa kuacha tundu wazi, waliweka bolti kotekote, wakahesabu bolti, wakasema jengo la Sakeasi lina bolti mara mbili ya la mtu mwingine. Alitumiwa mikeka. Alitumiwa nguruwe. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu alilijaza maji mpaka shingoni.

Mimi nilipoona mara ya kwanza nilishuka ngazi nikiwa na kalamu sikioni.

"Panya, hili bapa lina upana gani?"

"Milimita sabini na tano. Macho huna?"

"Tundu la bolti ya kumi na sita?"

"Kumi na nane. Milimita mbili za kupumulia. Nilikuwa najua hivyo wewe ukiwa bado unanyonya."

"Umeweka mawili ubavu kwa ubavu. Sabini na tano toa kumi na nane, toa kumi na nane. Imebaki ngapi?"

"Haitolewi," akasema. "Bolti inaingia. Tundu limejaa. Chuma kimetoka, chuma kimerudi."

Nataka mwelewe ujinga huu, kwa maana si ujinga mtupu, na ndiyo sababu ulidumu. Kwenye nguzo, kitu kinachobebeshwa mzigo kwa juu, maneno yake yana ukweli: chuma kinabanwa, bolti iliyojaa tundu nayo inabanwa, inasaidia. Alikuwa ametoboa nguzo maisha yake yote na hakuna iliyomwangusha. Ila bapa la kufungia paa halibanwi. Linavutwa. Upepo wa kimbunga hulinyanyua paa kwenda juu, na bapa ndilo linalolishikilia lisiruke. Ukivuta, bolti haishikani na kingo za tundu, imekaa tu. Kifungo cha shati hakirudishi kitambaa kilichokatwa kwenye tundu lake. Kinachovutwa ni ile nyama ya chuma iliyobaki kandokando, milimita thelathini na tisa kati ya sabini na tano.

Nikachukua boksi la biskuti ngumu tulizokuwa tukila na chai, nikakata vipande viwili sawa. Kimoja nikakitoboa matundu mawili kwa mashine ya ofisini ya kutobolea karatasi, nikaziba matundu kwa vijiti vya kiberiti. Nikavuta mbele ya watu wote. Kikakatika palepale, kwenye mstari wa vijiti; kile kizima kikagoma.

"Hilo boksi," akasema Sakeasi. "Siku ukinunua karakana ya biskuti nitakuja unifundishe."

Karakana nzima ikacheka. Bwana Surujpal alicheka kuliko wote, kwa kuwa visiwa havikuwahi kumletea malalamiko na mimi nilimletea kila wiki.

Na kinachonikera zaidi, dawa ilikuwepo, haihitaji hata kisomo. Angeyapanga hayo matundu yake ya akiba kwa urefu wa bapa, moja nyuma ya jingine, kama watu kwenye foleni, popote ungelikata ungekuta tundu moja tu. Bapa lingebaki na milimita hamsini na saba na mafundi wa visiwani wangekuwa na nafasi zao za kuhamia. Ni kazi ya kuhamisha alama ya chaki. Nilimwambia mara tatu. Alinijibu kwamba watu wa visiwani wanataka kuhamisha kushoto na kulia, hawataki mbele na nyuma, na kwamba mimi sijawahi kupanda paa. La pili lilikuwa kweli, akalirudia mpaka likawa jibu la kila kitu.

Ndipo kijiji chake mwenyewe kikaamua kujenga jumba. Walitaka jumba la mikutano, la harusi, la misiba, na zaidi ya yote la kujihifadhi kimbunga kikija, maana cha mwisho kiliwakuta kwenye nyumba za mbao na kikawazika watu sita. Nilichora mimi. Mabapa kumi na sita ya kulishikilia paa, kila moja liwe na uwezo wa tani kumi na tano. Sakeasi alitoboa usiku na mchana, mawili mawili ubavu kwa ubavu, akatia rangi nyekundu ya kuzuia kutu, akaandika jina lake nyuma ya moja kwa chaki. Siku ya kupakia melini niliyaona. Karatasi ya kupokelea mzigo ilikuja mezani kwangu isainiwe na mtu wa michoro, kwamba kazi inalingana na mchoro. Nilikuwa nimechoka kuchekwa. Nikasaini.

Jumba likafunguliwa mwezi wa tisa. Alirudi kutoka kwao amevimba kama mkate. Walimpa jino la nyangumi mbele ya kijiji kizima, heshima wanayopewa machifu, na mama yake, Mama Litia, alicheza mpaka akapoteza kiatu. Ijumaa ile kwenye kava alizunguka nalo shingoni.

"Karatasi, mtani wangu," akasema, "jumba limesimama. Ile hesabu yako iko wapi? Umefungia samaki?"

Kuna kitu kilinipanda. Nikamwambia, mbele ya wote, "Jeki ya tani thelathini ile pale kwenye kona. Una bapa lililobaki. Tulivute. Likifika tani kumi na tano nitafagia karakana mwaka mzima na wewe utakaa kwenye meza yangu."

Hakuweza kukataa. Mwenye majivuno humpeleki popote kwa hoja, ila kwa macho ya watu atakwenda hata shimoni.

Tulichomelea ncha za bapa kwenye mabamba mawili mazito, tukaweka jeki katikati ya mabamba, bolti mbili zimekazwa kwenye matundu yake kama zilivyokuwa kijijini. Yeye mwenyewe ndiye aliyepampu. Tani tano. Tani tisa, akanikonyeza. Kwenye kumi na mbili rangi nyekundu ikaanza kubanduka kandokando ya matundu, na nyuso zikasogea. Kwenye kumi na nne bapa likalia mlio mmoja mkavu na kukatika, kutoka ukingo hadi tundu, tundu hadi tundu, tundu hadi ukingo. Bolti zote mbili zikadondoka sakafuni, nzima kabisa, hazina hata mkwaruzo.

Tukavuta la pili, lenye tundu moja. Lilifika ishirini.

Sikucheka. Nilikuwa nimengoja miaka kumi na moja nicheke, na wakati ulipofika nilimwona akiziokota zile bolti na kuzitazama, nikakumbuka sahihi yangu. Akauliza kwa sauti ndogo, "Yaliyoko kule ni mangapi?" Alijua ni mangapi. Aliyatoboa yeye.

Msiniambie alibadilika. Mtu mwingine angepiga simu siku ileile. Huyu alitengeneza kwanza mabapa kumi na sita mapya, matundu ya foleni, akayapaka rangi, akapanga kwenda kuyabadilisha kimyakimya akisema ni zawadi ya Krismasi. Akasubiri likizo. Mwezi wa kumi ukapita, wa kumi na moja ukapita na kimbunga cha kwanza cha msimu kikaenda zake kaskazini, yeye anasubiri. Ilibidi nimwambie kwamba asipoondoka na meli ya Jumanne nitakwenda redioni. Bwana Surujpal akasema niende naye, "ili mwenye mchoro aongee na wenye jumba." Nikabeba lile bapa lililokatika kwenye gunia.

Meli ikatushusha Nukubalavu Alhamisi asubuhi, sisi wawili tu. Mabapa mapya yalibaki bandarini Levuka. Mabaharia walihitaji nafasi ya mafuta ya taa. Saa nne redio ikatangaza kimbunga, kinakuja kwetu, kitafika usiku. Watu wakaanza kubeba mikeka na sufuria kwenda jumbani.

Kikao kikaitwa haraka. Msemaji wa chifu alikuwa mzee mwembamba anaitwa Rusiate, mdomo wake ulikuwa silaha ya kijiji. Sakeasi akapiga magoti akasema, na nilimsikia kwa masikio yangu, "Baba zangu, msiingie kwenye jumba. Nendeni kwenye kanisa la mawe kule juu. Mabapa niliyoweka hayatoshi. Matundu yangu yameyala."

Wakacheka. Walicheka kwa upendo, na hilo ndilo baya zaidi.

"Tazama mtoto wetu," akasema Rusiate. "Wengine wakipewa jino la nyangumi hupanda kichwa, huyu anashuka. Sakeasi, mwanangu, jumba la wenzetu kule ng'ambo lina bolti kumi na sita. Letu lina thelathini na mbili. Ulituambia mwenyewe."

"Niliwaambia ujinga."

"Na leo unatuambia nini?"

Nikatoa bapa kwenye gunia. Nikaeleza vizuri, kwa hesabu, kama nilivyowaeleza ninyi. Rusiate akalipokea, akapitisha kidole kwenye mpasuko.

"Hili limekatwa na nini?"

"Jeki, mzee. Mashine ya kuvuta."

"Basi mkaiache hukohuko Suva. Upepo wetu hauna jeki."

Waliangua kicheko tena. Kanisa la mawe ni dogo, lina popo, na njia yake ni mlima wa matope. Jumba lina sakafu ya saruji na vyoo. Tungewaambia nini? Alikuwa amewafundisha miaka kumi kwamba nguvu ni idadi ya bolti, na somo lilikuwa limeingia. Sikio la kufa halisikii dawa, ila hili lilizibwa na daktari mwenyewe.

Wakatawanyika kubeba mizigo. Mimi nikaenda kukaa chini ya mshelisheli nikiwa na gunia langu. Nilijiambia mimi ni mgeni na nimeshasema.

Saa sita mchana nikasikia wanawake wanapiga kelele. Sakeasi alikuwa juu ya ukuta wa jumba, spana mkononi, anafungua nati. Anafungua, anang'oa bolti, anaitupa baharini, anasogea kwenye bapa lingine. Alifanya haraka, kwa kufunga na kufungua sijaona mfano wake, namkubalia hilo. Mama Litia akatokea na sufuria yake kichwani.

"Sakeasi, unafanya nini na nyumba ya watu?"

"Naivunja, mama. Pelekeni vyombo juu."

"Shuka."

"Jumba halina paa sasa. Nendeni kanisani."

"Amerukwa na akili," mama yake akawaambia watu. Yeye ndiye wa kwanza kusema, na alisema akilia. "Huyu si mwanangu. Mshusheni."

Vijana wakamshusha kwenye la tisa. Alipigwa kidogo na kufungwa kamba. Lakini paa lilikuwa tayari linachezacheza kwa upepo wa mchana, kila mtu aliliona, na hakuna mama atakayelaza mtoto chini ya paa linalochezacheza. Kijiji kizima kikapanda mlima kwenye matope kikimlaani, naye akiburutwa nyuma. Nilipanda nao. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Kimbunga kilipita usiku ule. Kanisani tulikuwa watu mia na arobaini, tumebanana na popo, na asubuhi tulikuwa mia na arobaini. Jumba halikuwepo. Paa lilikutwa msituni, mbali.

Nilikwenda peke yangu kutazama mabaki. Mabapa saba ambayo hakuyafikia yalikuwa yamekatika yote kwenye mstari uleule, ukingo, tundu, tundu, ukingo. Nilifurahi kama mjinga, nikamwita Rusiate nimwonyeshe.

"Naona," akasema. "Yalibaki saba kubeba kazi ya kumi na sita. Hata wewe ungekatika."

 Hesabu yangu inasema yangekatika hata yakiwa kumi na sita. Hesabu yangu inasema. Lakini mkono uliofungua nati wameuona wote, na upungufu wa milimita thelathini na sita hakuna aliyeuona. Walimnyang'anya jino la nyangumi. Wakamkataza kukanyaga kijiji. Mama yake alirudisha unga na sukari aliyokuwa akitumiwa na mwanawe, kila mfuko haujafunguliwa.

Miezi minne baadaye Rusiate alikuja Walu Bay kuagiza jumba jipya. Alikuwa na sharti moja tu, kwamba yule kichaa asiguse hata nati. Bwana Surujpal akakubali kabla chai haijapoa, akashuka kumwambia Sakeasi akatafute kazi pengine. Sakeasi akazima mashine, akapuliza vumbi la chuma kwenye meza, akatoka. Nilimfuata mpaka kituo cha basi.

"Kwa nini usimwambie Rusiate?" nikasema. "Karakana nzima iliona ile jeki. Mwite, tumwonyeshe, tuvute lingine. Umewaokoa watu mia na arobaini na wanakutemea mate."

"Nimwambie nini, Karatasi? Kwamba nilimlaza kwenye jumba bovu miezi mitatu? Kwamba yote niliyotoboa, visiwa vyote, ni vilevile?" Akaangalia kama basi linakuja. "Sasa hivi mimi ni kichaa aliyeharibu kazi nzuri. Kichaa huombewa. Fundi mbovu huombewa na nani?"

Nilimdharau pale kuliko siku zote. Amefukuzwa kwao, amefukuzwa kazi, mama yake hali chakula chake, na bado anachokilinda ni sifa ya kutoboa. Na hivyo visiwa vingine vyote vimekaa chini ya mabapa yake, vikihesabu bolti.

"Basi nitawaambia mimi," nikasema.

"Waambie. Watakuuliza ulikuwa umekaa wapi nilipokuwa juu."

Basi likaja, akapanda, akakaa upande wa pili asinione.

Nilirudi karakanani. Rusiate alikuwa amesimama kwenye meza yangu akiutazama mchoro mpya, kidole kwenye matundu yaliyopangwa foleni, akiitikia kwa kichwa kwa kuridhika ingawa hakuelewa. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia Nukubalavu wanamshukuru Mungu kwamba safari hii wamepata mtu wa kuaminika. Nikamwambia asante, mzee, nikamwonyesha mahali pa kusaini.